Aliyeokolewa Usiku Huu

David Livingstone aliijua Kabambare kwa jina la Bambarre. Alifika mara ya kwanza Septemba 1869, akatoka, akarudi Julai 1870 akiwa hawezi tena kutembea kwa vidonda vilivyokuwa vimemla miguu, na hapo akabaki hadi Februari 1871. Watoto wetu hufundishwa shuleni mito aliyoitafuta na njia alizopita. Mimi nimekuwa muuguzi huku kusini mwa Maniema kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika habari zake zote kinachonishika ni sanduku. Sanduku lake la dawa liliibwa Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wawili wa msafara walipotoroka na mizigo. Aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kifo. Dawa nyingine alizotumiwa kutoka Unguja zilikwama Unyanyembe, upande wa Tabora, siku nyingi za safari nyuma yake. Basi yule daktari mwenye cheti cha Glasgow, aliyejua homa za nchi hizi kuliko Mzungu yeyote wa zama zake, alilala Kabambare miezi saba akiijua dawa yake kwa jina na kwa kipimo, nayo iko mbali.

Kilichompa nafuu ni malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba. Lilisagwa kwa maji juu ya jiwe jingine, likapakwa kidondani kwa unyoya. Wafanyabiashara wa pwani waliokaa Kabambare, Muhamad Bogharib akiwa mmoja wao, walimlisha na kumwuguza. Huku akingoja kupona aliwaona mateka waliofungwa katika misafara ya utumwa wakifa mmoja mmoja bila kidonda wala homa, wakionyesha kwa mkono kwamba maumivu yako moyoni. Aliliita hilo ugonjwa wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hii. Waliokufa walikuwa babu zetu, na yote tunayojua juu ya kufa kwao yamo katika mistari michache ya mgonjwa mwenzao aliyekuwa na karatasi.

Miaka 34 baadaye alikuja Joseph Everett Dutton, wa Chuo cha Tiba za Tropiki cha Liverpool, kijana wa miaka thelathini hivi, pamoja na mwenzake John Lancelot Todd kutoka Kanada. Walipanda mto Kongo kuchunguza malale. Njiani walianza kuchunguza pia homa inayokuja, ikaondoka, ikarudi tena baada ya siku kadhaa, ile inayoletwa na kimputu, kupe anayejificha katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta. Watu wa pwani humwita papasi. Dutton na Todd walithibitisha kwamba mdudu huyo ndiye anayehamisha vijidudu vya homa kwenye damu ya mtu. Homa hiyo hiyo ikawapata wenyewe, na tarehe 27 Februari 1905 Dutton akafa Kasongo. Kijidudu kile kilipewa jina lake, Borrelia duttonii, na ndilo linalotumika mpaka leo. Dawa ya kumponya haikuwapo popote duniani mwaka ule. Leo ni vidonge vya doksisaiklini vya siku chache, ambavyo nimevitoa mwenyewe kwa watu waliolala katika nyumba zenye kimputu yule yule.

Nawataja Livingstone na Dutton kwa sababu waliandika. Kwa kila mmoja wao walikuwapo wenyeji wengi waliokufa kwa maradhi hayo hayo bila mtu wa kuandika tarehe. Na visa vyao viwili vinatofautiana kwa namna ambayo kila muuguzi wa kijijini anaijua. Dutton aliuawa na ugonjwa usio na dawa. Livingstone nusura auawe na umbali. Tangu penisilini na klorokwini ziingie duniani, watu wa Kabambare wamekufa zaidi kwa kifo kile kilichomkosa Livingstone.

Chini ya Wabelgiji dawa ilikuja na mstari. Kikundi cha malale kilifika kijijini, watu wakapangwa juani, shingo zikapapaswa kutafuta tezi, waliotiliwa shaka wakachomwa sindano ya mgongo, na kila mtu akapigiwa muhuri kwenye karatasi yake. Katika miaka ya 1950 hata wazima walichomwa pentamidini ili ugonjwa usiwapate. Mengi ya hayo yaliokoa watu, na siwezi kuyadharau. Lakini kikundi kikiondoka, dawa nayo imeondoka. Mtoto akishikwa na degedege usiku ule ule, kijiji kilibaki na majani yake na dua zake. Uhuru ulipoingia tarehe 30 Juni 1960, nchi yote ya Kongo haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja mwenye shahada kamili ya udaktari. Kisha vikaja vita vya waasi wa Simba mwaka 1964, na Kasongo haikunusurika.

Watu hawakukaa bure wakingoja. Katika nyumba nyingi za Kongo ya mashariki utakuta jiwe jeusi, kipande cha mfupa uliochomwa ambacho mapadri Weupe walieneza kwa ajili ya kuumwa na nyoka. Hubandikwa kwenye jeraha kikaachwa mpaka kidondoke chenyewe. Majaribio ya maabara hayakuona kwamba kinavuta sumu, na nimewaona walioletwa kituoni wamechelewa kwa kukitegemea. Hata hivyo sikumcheka kamwe mama aliyekitunza ndani ya kitambaa juu ya kabati. Alikuwa ameelewa jambo la kweli kabisa: dawa ya kuokoa hukaa nyumbani, kwa sababu nyoka haumi mlangoni mwa hospitali.

Mwaka 1971 ulikuwa mwaka wa ajabu kwa mambo haya. Huko Bengali ya Magharibi, katika kambi ya Bongaon, wakimbizi kutoka Bangladesh walikuwa wakifa kwa kipindupindu, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya chumvi, sukari na magadi katika maji, akayaweka kwenye mapipa, akawaambia ndugu wa wagonjwa wayachote na kuwanywesha wenyewe. Vifo vilishuka kutoka kama 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Mwaka huo huo Marekani iliidhinisha naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi mtu aliyezidiwa na heroini au mofini. Na mwaka huo huo, nchi yetu ikiwa inabadilishwa jina kuwa Zaïre, Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp ilianza kazi Kasongo, ile iliyokuja kuitwa Mradi wa Kasongo.

Waliouongoza kutoka Antwerp walikuwa Pierre Mercenier na Harrie Van Balen. Baadaye alikuwapo Wim Van Lerberghe, na Mkongo mwenzetu Kaza Asila Pangu, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1988 juu ya kazi hii ya kupanda vituo vya afya Kasongo. Eneo lilikuwa na watu kama 200,000 na hospitali moja. Wazo lao lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulitenda: kila watu 10,000 hivi wawe na kituo chao, muuguzi anayekaa pale pale, kabati lenye dawa chache zinazojulikana, na hospitali nyuma yake kwa yale yanayomshinda muuguzi. Mkutano wa Alma-Ata, ambako mataifa 134 yalitangaza huduma ya afya ya msingi kwa wote, ulifanyika Septemba 1978. Kasongo ilikuwa imeianza miaka saba kabla.

Mimi nilijifunza uuguzi Kasongo mwishoni mwa miaka ile ya 1970, na niliyoyakuta yalinitengeneza. Kituoni kila familia ilikuwa na fishi yake, yaani kadi, haikutunzwa kwa tarehe bali kwa nyumba, hivi kwamba ukivuta ya mtoto unaiona na ya mama yake. Mgonjwa alilipa bei moja kwa ugonjwa wake wote, arudi mara moja au mara nne. Ninyi msioishi vijijini huenda msione ukubwa wa jambo hilo. Kulipia kila kidonge kunamfanya mama ahesabu, na anapohesabu anachelewa. Bei moja ilimfanya arudi siku ya tatu kusema homa haijashuka, bila kuona haya mbele ya sanduku la pesa. Orodha ya dawa ilikuwa fupi kiasi kwamba muuguzi kijana aliijua yote kwa moyo, pamoja na vipimo vyake kwa uzito wa mtoto. Kijiji kilikuwa na kamati yake, na mzee wa kamati hakuogopa kuuliza kwa nini penisilini imekwisha kabla ya mwezi kwisha.

Kazi ile ilinifundisha zaidi usiku. Mchana mtu angeweza kubebwa kwenye baiskeli au kwenye machela mpaka hospitali. Usiku wa mvua, mto ukiwa umefurika, hospitali ingekuwa Ulaya ni sawa tu. Mama alikuja na kibatari, mtoto amekakamaa mgongoni, macho yamegeuka. "Baba, mtoto anakwenda." Kwenye kabati ilikuwapo ampuli ya diazepamu na ampuli ya kwinini. Mikono yangu ilitetemeka, na kwa sababu orodha ilikuwa fupi akili haikutetemeka. Alfajiri mtoto alinyonya. Nilimpeleka hospitali asubuhi, yeye na mama yake, na karatasi yangu ikiwa imeandikwa saa na kipimo. Daktari aliisoma yote. Hilo nalo lilikuwa la Kasongo: karatasi ya muuguzi wa kijijini ilisomwa.

Mwaka 1988 Van Lerberghe na Pangu walichapisha hesabu yao: pale ambapo vituo vilikuwapo karibu, watu walioingia hospitali kwa magonjwa yanayotibika kituoni walipungua sana, na waliohitaji hospitali kweli kweli waliifikia. Ndivyo tulivyokuwa tumeona kwa macho.

Lakini jina la Kasongo lilisomwa na ulimwengu kwa jambo jingine, na hilo ndilo linalonirudia kila siku. Katika miaka ya 1970 surua ilikuwa inachinja watoto wetu. Mradi ulichanja watoto wa sehemu moja na kuwalinganisha na watoto wa sehemu jirani ambako chanjo haikuwa imefika, wote wa kati ya miezi 7 na 35. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet la London mwezi Aprili 1981. Yalisema kwamba chanjo iliwakinga watoto na kifo katika umri ule ambao surua inaua zaidi. Kisha yakaongeza kwamba faida hiyo ilionekana kupungua baadaye: baadhi ya waliookolewa na surua walielekea kufa kwa mambo mengine, kuharisha, nimonia, njaa.

Walioandika walikuwa na nia njema. Walitaka kusema kwamba sindano moja peke yake haitoshi, kwamba mtoto anahitaji kituo kizima na muuguzi wa kudumu. Hilo nilikubaliana nalo, ndiyo kazi niliyoifanya. Lakini maneno yakishatoka kinywani hupata wenye kuyatumia. Katika mikutano ya wakubwa yaligeuka swali la baridi: kuna maana gani kumwokoa mtoto leo na surua ikiwa kesho atakufa kwa kingine? Nililisikia swali hilo likisemwa na watu waliovaa vizuri, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika mkono wa mama ambaye mtoto wake anakufa kwa surua.

Peter Aaby, Mdenmaki aliyekuwa anafanya kazi Guinea-Bissau tangu 1978, hakukubali. Mwaka 1995 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa tafiti kutoka Bangladesh, Benin, Burundi, Guinea-Bissau, Haiti, Senegal na Zaïre, ya Kasongo ikiwamo. Waliona kinyume: watoto waliochanjwa waliepuka kifo kwa kiwango kikubwa kuliko kile ambacho surua yenyewe ingeweza kueleza. Mtoto uliyemwokoa hakuwa deni lililoahirishwa. Alikuwa mtoto aliye hai, mwenye nguvu zaidi ya kukutana na ugonjwa unaofuata. Wengi wa watoto wa fishi zile leo ni wazazi, na baadhi yao ni babu na bibi.

Kufikia 1995, hata hivyo, hapa hapakuwa na mengi ya kupima. Mishahara ya serikali ilikuwa imekufa, makabati yalikuwa na vumbi, na muuguzi aliishi kwa shamba lake. Vita vya 1996 na vya 1998 vilipita juu yetu. Maniema ilitawaliwa na waasi wa RCD kutoka Goma huku wapiganaji wa Mai-Mai wakishika misitu, na vituo vingi vikaporwa mpaka milango. Baada ya amani ya karatasi bado upande wa Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya, watu wamekimbia tena na tena. Mwanamke aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia Ukimwi. Umbali wa Livingstone huo tena, safari hii ukihesabiwa kwa saa, na mwenye bunduki amesimama njiani.

Tulichojengewa badala yake ni reko, mhudumu wa afya wa kijiji. Tangu 2005 nchi yetu imekubali kwamba mtu wa kijiji, aliyechaguliwa na jirani zake na kufunzwa, anaweza kutunza kasha la dawa nyumbani mwake na kuwatibu watoto chini ya miaka mitano: malaria, kuharisha, nimonia. Mkulima, fundi cherehani, mama wa nyumba. Ana paketi za chumvi za Mahalanabis na zinki, ana amoksisilini, ana kipimo cha malaria cha tone moja la damu. Nilipoanza kuwafunza nilikuta wenzangu wauguzi wenye mashaka. Atakosea. Atauza. Wazazi watabweteka, hawatakuja tena kituoni. Nimekaa na mareko hao wanahesabu pumzi za mtoto kwa saa ya mkononi, midomo inatikisika, na nasema kwa moyo mweupe kwamba wapo wanaohesabu vizuri kuliko waliosomea.

Ulinzi unaohitajika ni mwingine. Artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa, kwa mtoto mwenye malaria kali asiyeweza kumeza, ilionyesha mwaka 2009 katika utafiti wa Ghana, Tanzania na Bangladesh kwamba inapunguza kifo na ulemavu kwa nusu hivi kwa watoto walio mbali sana na kituo. Kongo, Nigeria na Uganda zikaipeleka vijijini kwa wingi, na Januari 2022 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zisimame kwanza, kwa sababu dozi ile ilipotolewa bila mtoto kufikishwa hospitali na kumaliza matibabu, vifo havikushuka kama ilivyotarajiwa. Hapo wakubwa wa Antwerp walikuwa na haki yao. Dozi ya kuokoa inanunua saa chache, na lazima awepo mtu wa kuzitumia saa hizo.

Sasa nifike pwani, ambako damu yetu ilitangulia kwa minyororo na kwa biashara. Ukoo wa Kabambare na Kasongo umetawanyika katika njia ile ya zamani ya misafara: Ujiji, Tabora, mpaka Dar es Salaam, ambako Wamanyema wana msikiti wao Kariakoo. Binti wa mjomba wangu anaishi huko. Simu yake moja ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kijana wa jirani, mmoja wa wale wanaoitwa mateja, alikutwa uchochoroni amelala chali, midomo imegeuka rangi ya majivu, anakoroma kwa mbali, kisha hakoromi. Watu walimmwagia maji, wakampiga makofi. Wengine walisema mwacheni, hata akiamka kesho atavuta tena. "Kaka," aliniuliza, "wewe ungemfanya nini?"

Nilijua jibu kwa sababu ni jibu la zamani. Heroini imepita kwenye bandari za pwani tangu miaka ya 1980 na kuacha fungu lake mitaani, Mombasa, Malindi, Unguja, Dar. Wapo waliosimama mapema: Omari Project ilianza Malindi mwaka 1995, na Februari 2011 Muhimbili ikaanza kutoa methadoni ili mtu aache kuifuata heroini kila baada ya saa chache. Kenya ikafungua kliniki yake ya kwanza Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Hiyo ni tiba ya miezi na miaka. Kwa dakika ile ya uchochoroni kuna naloksoni. Heroini, mofini na dawa za ukoo wao hukaa katika ubongo mahali panapoamrisha pumzi, na zikizidi pumzi hupungua mpaka inakatika. Naloksoni inazing'oa na kukaa yenyewe. Kwa sindano ya paja au kwa kupuliziwa puani, mtu aliyekuwa anakufa huvuta pumzi ndani ya dakika chache. Haileweshi, haina uraibu, na ukimpa mtu ambaye hakutumia kitu haimfanyi lolote. Nguvu yake hukaa kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na heroini yaweza kudumu zaidi, kwa hiyo aliyeamka asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali.

Jack Fishman, aliyeitengeneza naloksoni pamoja na Mozes Lewenstein wakaombea hataza mwaka 1961, alikuwa na mtoto wa kambo, na mtoto huyo alikufa mwaka 2003 huko Florida kwa kuzidisha heroini. Dawa ilikuwa imeokoa watu hospitalini kwa miaka 32, na katika nyumba ya aliyeigundua haikuwapo mkononi saa ilipohitajika. Niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Chicago walianza kuigawa mitaani mwaka 1996, kwa watumiaji wenyewe na kwa ndugu zao, kinyume cha ushauri wa wengi. Pingamizi zilikuwa zile zile nilizozisikia kwa wauguzi wenzangu: watakosea, watabweteka. Na lile la surua: atakufa tu kwa kingine. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila mtu anayeweza kushuhudia mwingine akizidiwa apewe naloksoni na afundishwe kuitumia. Kisha ikajaribiwa kwa wingi katika Kazakhstan, Kyrgyzstan, Tajikistan na Ukraine. Watu zaidi ya 14,000 walifunzwa, na waliokutana na aliyezidiwa waliitumia karibu wote, na karibu wote waliopewa waliishi. Kazakhstan ndiyo nchi yenye Alma-Ata. Marekani iliruhusu iuzwe dukani bila karatasi ya daktari mwaka 2023. Mwaka 2019 watu kama 125,000 duniani walikufa kwa kuzidiwa na dawa za jamii hii, na wengi wa wanaokufa hivyo huwa na mtu karibu nao, rafiki, mke, mlinzi wa getini, mwenye mikono miwili mitupu.

Nisieleweke vibaya juu ya dawa hizi zenyewe. Mofini ni neema kwa mwenye saratani, na huku kwetu wengi hufa wakilia kwa kuikosa. Uganda iliruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika tangu 2004, na natamani Kongo ingefanya hivyo kabla sijafa. Dawa kali ije, na inayoizuia isiue ije nayo, katika kasha moja.

Huku Kabambare vidonge vya maumivu huuzwa kwenye meza za soko pamoja na sabuni na biskuti. Tramadoli, ya ukoo ule ule, imetapakaa katika masoko mengi ya Afrika Magharibi na ya Kati, na palipo na machimbo pana vijana wanaobeba mizigo ya kuvunja mgongo. Sihitaji kungoja maiti ya kwanza ili niandae reko wangu. Nilimjibu binti wa mjomba hivi: mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano, na usikome mpaka aje mwenye sindano. Aliniambia walifanya kitu kama hicho, mwuza kahawa mmoja alijua, na kijana alifika hospitali akiwa hai. Siku hizi anakunywa methadoni. Kama kesho atavuta tena, sijui, wala yeye hajui.

Mwezi ujao mareko wa Lusangi wanakuja kwa mafunzo ya marudio. Nimeomba nipewe saa moja katika ratiba, baada ya somo la kuharisha, niwafundishe kupuliza pumzi: kwa mtoto mchanga asiyelia, kwa aliyetolewa mtoni, kwa aliyemeza vidonge vingi mno. Na katika orodha ya dawa tutakayoipeleka kwa daktari mkuu wa zone ya afya, chini ya diazepamu, nimeandika naloksoni, ampuli kumi, na jina la kila kituo kitakachoitunza.